Honi Ilivyotangulia Jibu la Posa

Jamani, leo nimeaibika ukweni, tena ukweni kwenyewe si kwangu. Nimejifungia chumbani naandika huku uso bado unawaka.

Nianze na gari. Mnakijua kigari changu, kile cha rangi ya maziwa ninachosambazia keki. Kilikuja bila tundu la kuchomekea chaja ya simu. Pale ambapo magari ya wenzangu yana tundu, langu lina kifuniko cha plastiki tu. Matokeo yake simu inanizimikia njiani kila siku. Niko Segerea, mteja ananitafuta, simu imekufa. Niko Ubungo, hivyo hivyo. Mume wangu Idrisa kaniambia mara nyingi nikipeleke kwa fundi. Mie nikaona fundi wa nini. Nimeangalia video, jamaa kafunga tundu lake huku anatabasamu, kamaliza kabla chai yangu haijapoa.

Basi leo asubuhi nikaingia kazini. Kifuniko nikakitoboa kwa kisu changu cha keki nilichokipasha moto jikoni (hali ya hicho kisu msiniulize). Halafu nikajilaza chini ya usukani kutafuta waya wenye umeme. Kwenye video waya ulikuwa mwekundu. Kwangu mwekundu sikuuona. Nikachukua testa, ile yenye kitaa, nikagusa huu, nikagusa ule, mpaka mmoja ukawasha. Nikazima gari kabisa na kuchomoa funguo, nikagusa tena, kitaa bado kinawaka. Nikafurahi. Nikajiambia waya huu haulali, ndio ninaoutaka.

Nikaunganisha kwa kusokota. Tepu nyeusi ya umeme sikuwa nayo, nikazungushia ile ya kufungia maboksi ya keki. Nikachomeka chaja, taa yake ya bluu ikawaka. Nikapiga picha, nikamtumia Idrisa kazini. Akajibu neno moja tu, "Hongera." Nikalisoma hilo neno mara kadhaa.

(Simu sikuichomeka. Nilichomeka chaja peke yake. Hapo ndipo msiba wangu ulipoanzia.)

Sasa, leo hiyo hiyo tulikuwa na shughuli. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Idrisa, anataka kuoa. Binti anaitwa Rukia, kwao Mwananyamala. Baba mkwe alipangiwa kwenda baada ya alasiri kupeleka posa, yeye na rafiki yake Mzee Shomari, ambaye ndiye mshenga. Idrisa yuko kazini, kwa hiyo dereva mie. Hamisi alishanisihi tangu juzi. Akaniambia baba yake Rukia ni mtu mgumu, na kwamba alimkatalia kijana mmoja kwa sababu tu aliingia ndani anaongea na simu. Akataka twende kimya kimya, mtaa usijue chochote mpaka mzee akubali. Nikamwambia shem, kwangu ondoa hofu.

Njiani baba mkwe kakaa mbele na kanzu yake nyeupe. Akaliona tundu, akauliza. Nikamweleza kazi nzima, sikuacha kitu. Akaligusa kwa kidole, akageuka nyuma kumwambia Mzee Shomari kwamba huyu mkwewe kafunga mwenyewe, hakuita mtu. Mzee Shomari akasema mashallah. Nikaendesha kifua mbele mpaka Mwananyamala.

Tukapokelewa na baba yake Rukia mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila hata nyusi kusogea. Ana ule uso wa mtu anayesubiri umalize kusema ili akukatalie. Shangazi yake Rukia akanikaribisha ndani na wanawake, lakini uchochoro ule ni mwembamba, baba mkwe akaniomba nibaki garini nisogeze likija gari jingine. Wazee wakavua viatu, wakaingia. Mie nikabaki na kimya changu.

Kimya chenyewe hakikudumu, maana simu ilianza. Hamisi anauliza wameingia? Mama mkwe anauliza wamepewa chai? Idrisa anauliza mzee anaonekanaje? Betri ikawa nyekundu. Nikatabasamu peke yangu. Nikatoa waya wa simu, nikauchomeka kwenye chaja yangu, kwenye tundu langu.

Pi.

Nikatazama nyuma nikijua kuna gari linataka kupita. Hakuna gari.

Pi. Pi-pi. Pi. Pi-pi-pi.

Nikaitazama mikono yangu. Yote miwili iko mapajani. Usukani haujaguswa na mtu, funguo iko mkobani, na honi inalia. Tena hailii hovyo, inalia kwa mapigo kabisa, kama msafara unamleta bi harusi. Ule waya wangu usiolala, kumbe ulikuwa wa honi, na simu ilipoanza kuvuta umeme ndipo ikaamka.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na mama mmoja anachambua mchele barazani. Akainua kichwa. Akaliangalia gari limeoshwa, akaniangalia mie nimevaa nikavalika, akaangalia viatu vya wazee mlangoni kwa kina Rukia. Nikamwona anavyojumlisha. Nikampungia mkono kumkatalia. Yeye akaona nasherehekea. Akaweka ungo chini, akapiga kigelegele kirefu.

Nyumba ya pili wakamjibu. Ya tatu wakamjibu. Watoto wakatoka mbio wanaimba Rukia anaolewa. Dada mmoja akatoka na kanga kiunoni na sabuni kichwani, anacheza. Na mle ndani, nina hakika, Mzee Shomari alikuwa bado anajitambulisha.

Nikavuta chaja. Imekaza. Nikavuta kwa nguvu zote, likaja tundu zima na nyaya zake, na ile tepu ya maboksi ikaachia. Waya ukadondoka ukagusa chuma. Basi hapo mapigo yakaisha, ikaanza honi moja ndefu isiyo na mwisho. Piiiiii. Vigelegele vikazidi, wakajua sasa ndio kilele.

Simu ikaita, Idrisa. Nikaweka sauti kubwa, nikaitupa kwenye kiti, nikaingia kichwa kichwa chini ya usukani kutafuta ule waya. Miguu imebaki nje ya mlango, dera limepanda, kiatu kimoja kimenitoka. Idrisa anauliza kelele gani hizo. Nami kwa sababu ya honi ikabidi nipige kelele kuliko honi. Nikamwambia nimeunganisha vibaya. Nikamwambia mtaa mzima unashangilia. Akauliza kwani mzee amekubali? Nikashika nyaya zote nilizoziona, nikazing'oa kwa pamoja huku namjibu kwa sauti yangu yote:

"Akubali wapi, mzee mwenyewe ana sura ya kukataa tangu tumefika!"

Honi ilinyamaza kwenye neno "mzee." Sentensi iliyobaki ilitembea uchochoro mzima peke yake. Hata vigelegele vilikatika.

Nikabaki kulekule chini. Kwa pembeni naona kanzu. Kanzu tatu.

Baba yake Rukia ndiye aliyezungumza, taratibu kabisa. "Sura hii nimezaliwa nayo, mama. Mie bado sijakataa."

Kutoka pale chini ilikuwa kazi. Kichwa kimegonga usukani, mtandio umenasa, na kuna mtu akanisogezea kiatu changu kwa mguu. Nikasimama mbele ya baba mkwe. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, wote walitoka pekupeku. Nikamwambia baba yake Rukia samahani mzee wangu, honi ni kosa langu, nilifunga tundu la chaja, nyaya nikachanganya. Nikataka niseme na kuhusu sura pia, nikaona nitaharibu zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia majirani, akawaambia hakuna lililotokea, ni gari la wageni limeharibika. Yule mama wa mchele akauliza sasa vigelegele vyetu vipi, tuvirudishe? Shangazi yake Rukia akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, kanga mdomoni.

Nikaingizwa ndani kama mgonjwa. Nikapewa juisi ya ukwaju. Wazee wakarudi sebuleni kuanza upya, mie nimekaa chumba cha pili nasikia Mzee Shomari anajitambulisha tena, na sauti yake imepungua sana. Rukia mwenyewe akafungua pazia kidogo, akainama sikioni kwangu, akasema, "Dada, ningekuwa mie ningetoroka." Halafu akanishika mkono. Nusura nilie.

Jibu hawakupewa. Waliambiwa watapigiwa simu.

Kurudi nyumbani ndio nikagundua nimeng'oa mpaka na honi yenyewe. Kila mtu akikatiza mbele inabidi nishushe kioo, nitoe kichwa, niseme samahani kaka naomba kupita. Mzee Shomari alishuka kabla ya kwao, akasema anapenda kutembea. Tundu amelipakata baba mkwe, na nyaya zake zinaning'inia kwenye kanzu. Tulipofika getini akaniwekea mkononi, akasema, "Mama Nadra, keki zako ni nzuri sana." Akashuka. Ni hilo tu. Nimelifikiria sana, na kila nikilifikiria linazidi kuniuma.

Hamisi hakula. Alikaa barazani na simu ya baba yake magotini, hakunilaumu hata kidogo, bora angenilaumu. Magharibi ndio ikaita. Baba mkwe akapokea amesimama. Akaitikia ndiyo, akaitikia ndiyo tena, akaitikia tumekuelewa. Alipokata akamwambia Hamisi wamekubali. Mzee amesema mtaa umeshamtangazia, na Rukia naye ameshasema ndiyo, kwa hiyo haoni sababu ya kuwasumbua watu wapige vigelegele mara mbili. Hamisi akamkumbatia baba yake, na mie nikalia kweli.

Ila mzee wa Mwananyamala ametoa ombi moja, na baba mkwe amelikubali papo hapo bila kuniuliza. Siku ya harusi mie nisiendeshe gari lolote, na nikifika nikae mbali na swichi.

Kwa hiyo mtakaokuja mkinikuta kona ya nyuma na mikono yangu mapajani, nisalimieni kawaida. Atakayeniambia "pi," keki hapati.