Mzigo Nilioutua

Alhamisi, 12 Juni
Nimefika kwenye mafungo ya akina mama viongozi. Siku tatu za kimya na sala, tupate nguvu mpya. Mimi nguvu ninazo. Ninachotaka ni uenyekiti wa umoja wetu, unaopigiwa kura Jumamosi. Miaka sita nimekuwa makamu! Shuleni walimu ishirini na wawili wananiita Mkuu, lakini kwenye umoja napanga viti.

Mpinzani ni mmoja tu: wifi yangu, muuguzi mkuu. Mume wangu ametutakia sote heri. Msaliti.

Mbinu: unyenyekevu. Nitawazidi wote.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeamka alfajiri nioshe vyombo. Nikamkuta wifi ameshamaliza, anafuta sinki. Nikaviosha upya. Kwenye sala nikachagua kiti cha nyuma kabisa. Wifi alikuwa chini, kwenye mkeka!

Mchana Sista anayetuongoza akagawa karatasi. Kila mmoja aandike jina lake na mzigo mmoja anaoutua. Nikachungulia ya wifi: hasira. Hasira! Nani hana? Mimi nikaandika kwa herufi kubwa: CHEO. Nilijivunia mpaka chakula cha jioni.

Jumamosi, 14 Juni
Karatasi zilisomwa asubuhi, kabla ya kura. Kusema ni Sista peke yake. Sisi kimya mpaka mchana. Alipofika kwenye yangu akafuta macho. Akasema mwenzetu ametua mzigo mzito, na sisi ni nani tumtwishe tena? Akafuta jina langu kwenye orodha ya wagombea ubaoni.

Nikanyoosha mkono. Akadhani nashukuru, akanipungia. Nikakohoa. Nikaletewa maji.

Kura ilikuwa ya kusimama. Wote wakasimama kwa wifi. Nami nikasimama, nitoke nje. Nikahesabiwa.

Hata umakamu umekwenda na maji. Nililia chooni, bila sauti, kwa kuheshimu kimya.

Jumapili, 15 Juni
Nyumbani. Mume wangu anasema nimenawiri. Wifi amepita, akanikumbatia kwa nguvu. Eti amechoka mno na wodi, na tangu Alhamisi alikuwa anawanong'oneza wenzake wanichague mimi. Ila ile karatasi ilimgusa, akaona aniache nipumzike.

Iliniuma sana. Nimejichunguza kwa moyo mnyofu, kama Sista alivyotufundisha, na kosa langu nimeliona.

Nilipaswa kuandika ulafi.