Mshauri Mwenye Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu saa mbili asubuhi. Waraka umebandikwa karibu na lifti, mahali ambapo hata mfagiaji anausoma kabla yangu. Idara mbili za utafiti wa kompyuta zinaunganishwa. Mkuu atakuwa mmoja. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi watakuja Ijumaa kuona kazi zetu, kisha watachagua. Watachagua! Mimi, mkurugenzi wa utafiti kwa miaka kumi na moja, nibonyezwebonyezwe kama nyanya sokoni!

Mpinzani wangu ni binti mmoja, Kimya. Jina hilo nilimpa mwenyewe, kwa sababu kwenye mikutano hafungui mdomo, anaandika tu. Nilimwajiri mimi, wakati huo akiwa ametoka chuoni juzi juzi, mkoba wake umekatika mkanda. Miaka saba amekaa chini yangu. Mwaka jana wakampa kajidara kake huko ghorofa ya chini, na leo ananyemelea kiti changu. Shukrani hakuna duniani.

Nimemwandikia Mwenyekiti barua ya kurasa tatu. Nimetoa ya moyoni yote. Sikuituma. Mke wangu alinifundisha hivyo baada ya lile balaa langu na mhasibu mkuu: hasira ikipanda andika, hifadhi, usitume. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, anajua kuishi na watu wa aina yangu. Barua imekwenda kwenye folda ya rasimu pamoja na nyingine. Nafuu kidogo. Kidogo sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimepata, na wote watakiona cha mtema kuni!

Tutatengeneza programu iitwayo Mshauri. Itasoma kila nilichowahi kuandika katika kompyuta za kampuni, miaka kumi na moja yote. Ukiiuliza swali, inajibu kama ningejibu mimi. Maarifa yangu yakishaingia ndani ya mitambo yao, nani atathubutu kunitoa? Ni sawa na kutaka kung'oa nguzo ya nyumba ukiwa umo ndani.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaendelea kusahihisha madaftari. Kisha akauliza, kama akili yangu yote itakuwa ndani ya mashine, mimi mwenyewe watanitakia nini. Nimekasirika upya. Huyu mwanamke ana kipaji cha kumwaga maji mahali ambapo mtu amehangaika kuwasha moto.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa seva alikuja ofisini, mikono nyuma, kuuliza achukue folda zipi. Nikamwambia zote. Akauliza, hata zile ambazo hazikutumwa? Nikapiga meza. Nikamwambia zote maana yake ni zote, kila sentensi, kila nukta, sitaki Mshauri mwenye nusu ya akili yangu. Akasema sawa bosi, akaondoka kinyumenyume. Siku hizi kila agizo lazima urudie mara mbili. Ninafanya kazi na mawe.

Mchana nimerekodi sauti yangu kwa saa tatu, ili Mshauri aseme kwa sauti yangu halisi. Hilo wazo ni langu pia. Nimekunywa maji ya moto glasi sita. Sauti nzuri ninayo, siwezi kukataa.

Alhamisi, 6 Machi

Mchana wa leo Kimya alipanda mpaka ofisini kwangu. Alikuwa amesikia habari kwa fundi. Akasimama mlangoni, akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona kwamba maandishi ya miaka kumi na moja lazima yapitiwe na kusafishwa kabla programu haijasomeshwa, maana mashine haijui lipi la hadharani na lipi la faragha. Akasema nikitaka, yeye na watu wake watanisaidia, wakianza sasa hivi watamaliza kabla ya Ijumaa asubuhi.

Hapo nikaelewa mchezo wote. Nikamwuliza tangu lini mpinzani anamsaidia mpinzani. Nikamwambia anataka kunichelewesha, anataka kufuta hekima yangu mstari kwa mstari huku akitabasamu. Akasema hatabasamu. Ni kweli, hakuwa akitabasamu. Hilo likaniudhi zaidi. Nikamwonyesha ngazi.

Ananifanya mjinga! Mimi niliyemfundisha hata kuandika ripoti! Kwa kweli ripoti alikuja akijua kuandika, lakini nilimfundisha aache nafasi ya sahihi yangu pale juu. Ndiyo sheria ya idara: ripoti yoyote hutoka kwa jina la mkuu. Sikuitunga mimi. Niliikuta, nikaipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne, ukumbi umejaa. Mwenyekiti mbele, wajumbe sita, mhasibu mkuu, Kimya pembeni na daftari lake. Alikuwa ameshaonyesha kazi yake kwa dakika kumi: programu ya kujua mtambo utakaoharibika kabla haujaharibika. Safi, ndogo, haina mbwembwe. Nilipiga miayo makusudi.

Nikasimama. Nikasema mabibi na mabwana, hamtanisikia mimi, mtamsikia Mshauri, na Mshauri ni mimi. Nikamwomba Mwenyekiti aulize lolote. Lolote! Mdomo wangu huu.

Swali la kwanza lilihusu bajeti ya seva. Mshauri akajibu vizuri mno, nikaota mapembe. Ndipo Mwenyekiti akacheka, akasema basi tusikie unanionaje mimi kama kiongozi.

Sauti yangu ikatoka kwenye vipaza sauti, tulivu, imejaa maji ya moto. Ikasema Mwenyekiti hawezi kutofautisha seva na jokofu. Ikasema mwaka juzi alitembelea chumba cha mitambo akauliza mbona kuna baridi hivi na vinywaji havipo. Ikasema hotuba zake zinafaa kutolewa kama dawa kwa watu wasiopata usingizi.

Zile rasimu! Zile rasimu zote!

Niliruka kuchomoa waya. Nikachomoa wa projekta. Skrini ikazima, sauti ikaendelea. Ikahamia kwa mhasibu mkuu, na ya huyo siyaandiki hata hapa. Fundi alikimbilia swichi, lakini Mwenyekiti akanyanyua mkono. Uso ulikuwa umemwiva hadi masikioni. Akasema Mshauri aachwe, yeye ana swali moja la mwisho. Akauliza: kati ya nyinyi wawili, nani anafaa kuongoza utafiti wa kampuni hii?

Nikashusha pumzi. Hapa nilikuwa salama. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuandika jambo zuri juu ya mtu mwingine.

Kumbe nilikuwa nimeandika. Mara moja. Mshauri akaanza: kwa kamati ya uteuzi ya chuo, nimefanya kazi na binti huyu kwa miaka mitano. Kila wazo la maana lililotoka katika idara yangu tangu afike lilikuwa lake. Mimi nilitia sahihi. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye akili kama yake, na sidhani nitapata mwingine. Mkimchukua, nitabaki na meza na viti.

Kimya akasimama. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kufika ukuta wa nyuma, kama barua ile niliituma. Akasema chuo kile kilimwandikia kwamba maombi yake ya masomo hayakukamilika, barua ya mkuu wake haikufika, naye alipokuja kuniuliza nilimwapia kwamba nimeituma, huenda imepotelea huko huko. Nilitazama viatu vyangu. Mshauri hakutazama viatu. Akajibu kwa niaba yangu, kwa maneno niliyojiandikia chini ya rasimu ile: usitume, ripoti ya mwaka haijaisha, nani ataiandika?

Sijawahi kuichukia sauti yangu kama leo.

Jumamosi, 8 Machi

Baruapepe ya bodi imefika. Kimya ni mkuu wa utafiti kuanzia Jumatatu. Mimi ni mshauri wa idara, herufi ndogo, chumba karibu na ghala la karatasi. Wamesema wangenifukuza kabisa, ila Kimya ameomba nibaki. Ameomba! Bora wangenifukuza.

Akanipigia simu mchana. Nilijiandaa kwa pole au kwa kejeli. Hakuleta hata kimoja. Alisema ana hasira nami kuliko anavyoweza kueleza, kwamba ile nafasi ya masomo ilikuwa ya mara moja na haitarudi, kwamba mama yake mzazi alishakwenda kumtangazia kila jirani, na kwamba kwa miaka miwili alikuwa akiniamkia kila asubuhi kwa heshima huku nikijua nilichomfanyia. Akasema kazi itaendelea na mshahara wangu hautaguswa. Lakini nisimwite Kimya tena. Akakata.

Mke wangu alikuwa amekaa kando, akasikia yote. Aliniuliza jambo moja tu: barua ya wema nayo niliihifadhi kwa sababu ya hasira? Kisha akachukua madaftari yake akahamia chumba cha watoto. Nimekaa sebuleni peke yangu na chai iliyopoa. Nimekasirika na Mwenyekiti, na fundi, na mhasibu, na chuo. Nilipofika kwangu mwenyewe nikaona nimechoka, nikaishia hapo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na jambo. Ajabu kwamba halikuniingia tangu Ijumaa!

Bodi ilimchagua kwa kusikiliza nini? Barua ile. Nani aliandika barua ile? Mimi. Kwa sauti ya nani ilisomwa? Yangu. Basi aliyemteua mkuu mpya wa utafiti ni nani? Mwenyekiti alitikisa kichwa tu. Kazi yote nimeifanya mimi, tena kwa kalamu yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema ahsante!

Nimemweleza mke wangu kupitia mlango. Hakujibu, nadhani ameguswa.

Nimeshamwandikia mkuu mpya hotuba yake ya kwanza, kurasa tisa, ili asihangaike. Shukrani kwangu ziko ukurasa wa kwanza, wa nne na wa tisa. Pale juu nimeacha nafasi ya sahihi, na kwa kuwa yeye atakuwa na shughuli nyingi, nimetia yangu. Kesho nitafika mapema nikae kiti cha mbele kabisa. Mtu aliyemteua bosi hakai nyuma.