Fugu Zimejaa Uwanja

Redio ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba uwanja ulifurika watu alfajiri, mara Napari akaingia kijiweni kwetu, hapa Tamale, Ghana, kifua mbele. Kesho madereva wa maguta ya mizigo wanachagua mwenyekiti wao, naye anagombea.

"Mmesikia? Ukuta hadi ukuta!" Akatusogezea simu hadi puani. "Huu mkutano wangu wa alfajiri. Huu wa mpinzani wangu Fatawu, uwanja huo huo, jana mchana. Watu wake wamejibana kwenye kona, wangu hata pa kutemea mate hapana! Jioni hii nalichinja dume langu la ng'ombe, tushangilie mapema."

Dume lenyewe analo hilo hilo moja, la kulimia. Mimi nilimeza mate, sisemi uongo.

"Mwenyekiti, mbavu ni zangu!" akadakia Tia, tunayemwita Spika kwa makelele yake.

Sindano, fundi wa kushona fugu, yale mashati yetu mapana ya kitambaa kizito, alikuwa akimimina ataya, chai yetu kali ya kijani. Akaitazama picha, akaguna. "Kaka Napari, alfajiri si kulikuwa na baridi?"

"Ya kukata masikio! Upepo huu wa Harmatani mchezo?"

"Basi wako wote wamevaa fugu. Fugu moja inakula kitambaa cha kufunika kitanda! Wa Fatawu walikuja juani na fulana."

"Wivu huo!"

"Wivu? Njooni tukae benchi moja."

Tukakaa watatu: Napari, Sindano na mimi. Fugu zikatuna, benchi likajaa tele. Spika akabaki wima, analalamika.

"Haya, vueni," akasema Sindano.

Tukavua. Spika akapata pa kukaa, fundi viatu wa jirani naye akakaa, tena na sanduku lake.

Napari akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Nilimwonea huruma.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe nimekusanya vitambaa!"

Akasimama. "Simchinji ng'ombe. Nakwenda kuomba kura, nyumba kwa nyumba."

Huyo, akaondoka.

Tukatazamana. Spika akamgeukia Sindano, macho yamemtoka. "Umeona sasa? Nani kakutuma? Mdomo wako umetunyima nyama!"

Sindano akaweka birika chini. Haraka haraka akaivaa fugu yake, akaturushia na sisi zetu, akajitanua benchini kwa nguvu zote.

"Kaka Napari!" akaita. "Hebu rudi utazame vizuri! Watu tumejaa, hata pa kukaa hapana!"