Friji ya Mshindi

Kila aliyejaribu kumkamata alibaki na povu mkononi, ndiyo maana mjini walimwita Sabuni. Asubuhi hiyo alikuwa akipita nyuma ya ghorofa moja, pua kaiziba. Gari la taka la manispaa lilikuwa halijaonekana kwa majuma, na lundo lilikwisha kufika madirisha ya chini. Wengine waliona uchafu. Sabuni aliona chupa za plastiki na makopo, mali halisi ya mnunuzi wa chakavu, ila imechanganyika na maganda na nepi, na yeye hakuzaliwa kuchambua nepi. Kazi hiyo ilitaka watu, tena wa bure.

Kesho yake alirudi na koti jeupe la kuazima na sauti ya semina.

"Ndugu wapangaji, mradi wa manispaa umewachagua! Kila nyumba itenganishe taka zake: maganda huku, makopo kule, chupa pale, tena zioshwe. Jumamosi tunapima. Gunia la chupa lililo zito kuliko yote linashinda friji!"

Makofi yalipigwa. Ambaye hakupiga ni mwenyekiti wao tu, mama wa makamo ambaye ghorofa nzima ilimwita Shangazi.

"Mwanangu, hiyo friji tutaiona lini?"

"Baada ya mashindano, Shangazi."

"Ahadi ni deni, na sisi hapa hatukopeshi. Ilete kwanza, ndipo tuoshe chupa."

Sabuni akapiga hesabu. Kwake friji ilikuwepo, ila ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa kwa mama yake hadi Jumapili. Mwanamke huyo alimpenda mumewe kwa mashaka, na friji yake bila mashaka. Lakini itoke leo, irudi Jumamosi, nani atajua? Tamaa mbele, mauti nyuma, ila methali hizo hutungiwa watu wengine. Jioni friji ilikuwa sebuleni kwa Shangazi, imefungwa utepe mwekundu.

Juma hilo ghorofa iligeuka. Waume wasiowahi kuosha hata kikombe walisugua chupa. Maganda yalifukiwa uani yawe mbolea, lundo likaisha, nzi wakahama. Sabuni alipita akikagua, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa uchungu wa kitaalamu. Msomaji asicheke, wapo waliopewa vyeo kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Jumamosi magunia yalikuwa mazito hata wapagazi wakaguna. Sabuni alifurahi mno.

"Na friji niichukue, ikapigwe muhuri ofisini," akasema.

"Haraka ya nini? Mshindi ataikuta hapa hapa," akajibu Shangazi.

Sabuni akaona heri auze kwanza.

Kwa mnunuzi wa chakavu gunia la kwanza likamwagwa. Chupa zilikuwa juu tu, chini mchanga na mawe.

"Chupa za ile ghorofa?" mnunuzi akashangaa. "Jana nimezinunua zote, safi, kaleta mama mmoja mwenye adabu zake. Wewe unakuja kunipimia mchanga? Toka!"

Sabuni alirudi mbio, akaikuta friji inanguruma, utepe umefunguliwa, na Shangazi akamkaribisha kwa maji baridi.

"Shangazi, mmeniibia!"

"Si ulisema zito ndilo linashinda? Mchanga ni mzito, mwanangu. Halafu mtu wa manispaa kuja na zawadi mkononi, tangu lini? Ulipofungua mdomo tu nikajua."

"Basi nipe friji yangu."

"Yako, au ya mradi?"

"Yangu mimi," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa mkewe, na mkoba wa safari begani. Alirudi mapema, akakuta pengo jikoni, na majirani wakamwonyesha friji ilikoelekea. Sabuni akatafuta mlango wa pili. Angeweza kumdanganya polisi, huyu hapana.

Wanawake hao wawili walijifungia jikoni, wakacheka kuliko Sabuni alivyopenda. Walipotoka, mkewe aliita wapagazi.

"Friji yangu narudi nayo," akamwambia Shangazi. "Huyu nakuachia. Gari la taka si haliji? Na koti tayari analo."

Siku hizi kila asubuhi Sabuni husukuma mkokoteni wa taka za ghorofa ile. Koti si jeupe tena. Juzi alisimama uani, kopo mkononi, amekasirika kwelikweli.

"Nani kachanganya nepi na makopo? Hamkufundishwa nyie?"

Shangazi akachungulia dirishani.

"Tulifundishwa vizuri tu, mwanangu. Sukuma."