Katembo Atatangulia Siku Moja

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Kocha Grégoire amepoteza akili. Naandika hii kwa roho ya pole. Jana timu ya basket ya institut, sekondari yetu, ilishindwa hapa hapa Kasongo, pointi mbili tu, na Katembo alikuwa benchi. Katembo! Mutu wa metre mbili. Akikaa, magoti yake yanakaribia masikio. Kumuweka mutu kama ule benchi ni sawa kununua ngazi na kuilaza chini. Pivot, mutu wa kusimama chini ya kikapu, alikuwa Bruno. Bruno ananipita kichwa kimoja, na miye ni mufupi.

Leo watu wote walikuja kwangu. Kazi yangu ni kuchaji simu: panneau mbili za jua juu ya bati, batri moja, nyaya mingi. Jua likiwa dogo simu zinajaa polepole, watu wanakaa kungoja, na mutu wa Kasongo akikaa lazima apange timu. Niko na ubao mweusi mulangoni. Kila asubuhi naandika pale watano wangu, wale wanapaswa kuanza mechi, na chini nasaini: Amisi, Fundi wa Mawazo. Sikusomea. Nilijifunza mwenyewe, kwa vidéo za basket zenye kuwa ndani ya simu za watu.

Atumani, fundi cherehani, ambaye hajaona mechi hata moja mpaka mwisho, alisema timu yote iwe wafupi, wapite chini. Chadrack, motard wa kubeba watu kwa pikipiki, alisema Bruno iko na kifua na pivot ni kifua. Nikamuuliza kama kikapu kiko kifuani. Watu wakacheka. Nilikuwa mbele.

Kisha Darlène akafika. Anasoma mwaka wa pili, na njo yeye anaandika pointi kwenye meza ya mechi. Aliangalia ubao, akauliza taratibu kama muganga: Katembo alicheza dakika ngapi jana? Nikasema saba. Akauliza, na faute ngapi, makosa ngapi? Nikasema mutu mukubwa hapimwi kwa faute. Akasema ine. Watu wakacheka tena, upande mwingine. Nikamwambia simu yake imejaa, aende nyumbani. Ilikuwa asilimia kumi na mbili.

Jioni Katembo mwenyewe akapita, muwa mukononi. Alisema kaka yake anachimba zahabu Salamabila na anamuita tangu Pasaka. Sasa ameamua. Jumamosi tunacheza Kabambare. Akianza, anabaki na masomo na timu. Asipoanza, toka kule anaendelea Salamabila, hatarudi tena kwetu. Alisema vile bila hasira, akitema maganda.

Nikaangalia mawingu juu ya kichwa chake. Yalikuwa karibu naye sana.

Jumanne, tarehe 4

Mchana hakukuwa wateja. Nilifumba macho kidogo na kuona Katembo anaruka. Aliruka pale uwanjani, polepole, na hakushuka. Mupira ulikuwa juu ya vidole vyake kama mwezi mwembamba, na watu wa Kabambare wote walikuwa kimya, midomo wazi, mvua inaingia mudomoni mwao na hawasikii. Nilifungua macho, kuku alikuwa juu ya ubao wangu.

Nimefikiri sana. Kocha iko na sheria moja kwa mechi za mbali, kila mutu anaijua. Kule Kabambare timu inalala kwa Mama Nsimire, mufanya biashara. Kila muchezaji akifika anaandika jina kwenye daftari la kocha, ambalo linatumwa mbele. Watano wa kwanza kuandika njo wanaanza mechi, juu ya kuwa wamepumzika zaidi. Barabara yetu wakati wa mvua inaweza kukula mutu siku mbili, na kocha anasema muguu wenye kutetemeka hauna kipaji.

Atumani anaona sheria ile ni ya barabara, si ya basket. Chadrack anaipenda kabisa. Anasema kwa mechi za mbali motard njo kocha.

Neno lile limenikaa kichwani.

Jumatano, tarehe 5

Kocha amebandika orodha ya pikipiki kwenye mulango wa institut. Kuondoka Ijumaa alfajiri. Bruno, pikipiki ya kwanza. Katembo? Pikipiki ya mwisho, nyuma ya kocha mwenyewe! Kocha, ambaye anaendesha kama mutu anabeba mayai. Watafika wa mwisho. Jina la Katembo litakuwa la kumi. Naona vitu wazi kama mchana: kocha anamuchukia ule kijana.

Lakini miye Amisi. Kuna mutu mwingine anaenda Kabambare kabla ya timu: Chadrack, kesho, na bidon za mawese. Nikamwendea. Nikamuomba amubebe Katembo, atangulie siku moja tu, aandike jina wa kwanza. Chadrack akasema miguu ya ule mutoto itamufungia breki. Nikabembeleza. Akasema sawa, lakini kwa sharti: juma moja mzima ubao wangu ubebe watano wake yeye, na sahihi yangu chini.

Watano wa Chadrack wako na Bruno pivot.

Nikaona tena Katembo akiruka bila kushuka. Nikachukua chaki. BRUNO, PIVOT. Amisi, Fundi wa Mawazo.

Darlène alisimama mbele ya ubao na kuuliza kama niko na malaria. Mutu wa siri hajibu.

Alhamisi, tarehe 6

Wameondoka. Alfajiri ukungu ulikuwa mweupe mpaka kwenye paa. Katembo alifika na mufuko wake wa nguo wote. Nilipenda kuona vile amejitayarisha. Alisimama kwanza mbele ya ubao, muda kidogo, kisha akanishika mukono kwa mikono yake miwili na kuniita yaya, kama kaka yake mukubwa. Hajawahi kuniita yaya. Akapanda juu ya bidon, miguu imekunjwa kama ya panzi, na ukungu ukawameza, kwanza pikipiki, kisha bidon, kisha yeye. Kichwa chake kilibaki juu muda, kinaelea peke yake.

Jioni nilimupigia Mama Nsimire simu. Amefika, mama akasema, na ameandika jina, mustari wa kwanza, na amekula sahani tatu. Nikauliza amelala wapi. Akasema chumba cha nyuma, pamoja na wachimbaji watatu wenye kungoja pikipiki ya Salamabila. Watu wa furaha sana, wanamufundisha karata.

Vizuri, nikasema, hatachoka na upweke. Nikauliza wanaongea nini. Zahabu, akasema mama, tangu wafike wanaongea zahabu.

Vizuri tena. Zahabu ni mambo ya washindi.

Ijumaa, tarehe 7

Sisi wote barabarani. Niliacha simu za watu kwa Atumani na kusema naenda kama mushangiliaji. Nimewekwa pikipiki moja na Darlène, juu hakuna mwingine alikubali maswali yangu.

Kocha alipoona Katembo haiko aliita jina lake mara tatu. Nikasema ametangulia. Kocha akageuka pole pole. Aliuliza ametangulia na nani. Nikasema na mawese. Akawasha pikipiki na kwenda mbio sana. Sijawahi kumuona anaenda mbio. Kilometre tano mbele tulimupata ndani ya matope, yeye na pikipiki yake, wote wawili wamelala.

Tulisukuma. Tulivuka madaraja ya miti miwili, pikipiki kwanza, sisi nyuma kwa miguu. Kati ya mianzi mvua ilikuwa inaanguka na jua linawaka, matone yanashuka polepole kama yanafikiri, na nilisahau kabisa niko wapi. Niliona uwanja. Niliona Katembo amelala kwenye kitanda kizuri, miguu inatoka dirishani, anapumzika kwa ajili yetu sote.

Darlène akaniamusha. Aliuliza kama Katembo alifika jana, leo kutwa anafanya nini kule. Nikasema anapumzika. Tulipanda vilima viwili. Kisha akauliza, mutu anapumzika na mufuko wa nguo zake zote? Nikasema ni mutu safi.

Aliniangalia vile anaangalia faute ya tano, ile inamutoa muchezaji.

Tumelala katika kijiji kimoja kwa pasteur, watu kumi na tatu chumba kimoja.

Jumamosi, tarehe 8

Tulifika Kabambare saa ine ya asubuhi, rangi moja na barabara. Nilikimbia kwenye daftari. 1. KATEMBO. Herufi kubwa, mistari miwili chini. Nikauliza iko wapi.

Mama Nsimire alisema ameondoka jana alfajiri na wale watatu. Alifagia chumba. Alitandika kitanda. Mama alifikiri njo mupango wetu, juu mutu anatumwa na nguo zake, pikipiki imelipwa na urafiki, na kwake njo pale watu wa Salamabila wanapandia.

Nikasema haiwezekani, alikuwa aanze, jina ni la kwanza! Mama akasema alimuuliza vile vile. Katembo alijibu kwamba kuandika aliandika kwa heshima tu, lakini mambo yalikwisha Kasongo. Alisoma ubao wa Amisi. Amisi peke yake alikuwa anamutetea, na sasa Amisi pia ameandika Bruno na kusaini. Akaelewa. Yaya Amisi hakuwa na mudomo wa kumwambia, akamutafutia pikipiki kwa upole, amusindikize kwa kaka yake. Alisema hajaona mutu wa roho nzuri vile.

Kocha alikuwa nyuma yangu, matope mpaka kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Alisema alimuweka Katembo kwenye pikipiki yake kusudi amushike mpaka mechi iishe, juu mutu fulani alimujulisha mambo ya Salamabila. Na alikuwa amuanzishe. Nikamuuliza vipi, na sheria ya daftari? Akasema, daftari ni la nani, wee Amisi?

Nilienda mpaka pale barabara ya Salamabila inaanza. Ni nyekundu, inashuka, inaingia kwenye miti, na miti inafunga. Hakuna mutu. Nilisimama pale muda. Nilifikiri labda kichwa kitatokea juu ya majani. Mutu murefu vile, unafikiri ataonekana kutoka mbali.

Mechi ilianza saa tisa. Kocha alitaka waanze wane, fasi ya Katembo ibaki wazi, kwa hasira. Darlène akamwambia sheria ya mchezo inakataa, lazima watano. Basi Bruno akaingia. Bruno alisukuma, alianguka, aliamuka, aliweka pointi kumi na tisa kwa kifua. Tumeshinda, arobaini na ine kwa arobaini na moja. Watu waliimba. Miye pia niliimba, lakini polepole.

Jumatatu, tarehe 10

Nyumbani. Katembo amenitumia sauti kwa simu. Anasema iko muzima. Shimoni hawezi kuingia, ni murefu mno, alijigonga kichwa siku ya kwanza, kwa hiyo anabaki juu kuvuta kamba. Kaka yake anafurahi. Alisema, yaya Amisi, wengine wote walinishika, weye njo ulinifungulia njia, Mungu akuone. Nilisikiliza mara sita. Mara ya sita nilitoka nje kuangalia panneau, ingawa panneau hazikuwa na shida.

Lakini lazima niandike ukweli wote. Mulangoni kuna watu wengi kuliko siku zote. Ubao! Wale watano wenye kuanza Kabambare ni wale wale wa ubao wangu, mutu kwa mutu, na sahihi yangu chini. Atumani ananiita nabii. Mama mmoja ameleta simu ya kuchaji na mutoto wa kubariki. Chadrack anapiga kelele ni timu yake, lakini nani atamusikia motard? Nilinyanyua mukono kidogo tu, kama mutu aliyezoea. Darlène peke yake hakuamini. Alisoma ubao, aliniangalia, akaenda kuchajisha simu kwa mutu mwingine.

Nimekaa, nimefikiri, na kosa nimeliona. Kosa halikuwa langu. Siku moja ilikuwa kidogo. Mutu akitangulia siku moja tu bado ni mugeni, kichwa kinazunguka, anafuata wale anawakuta. Akipata siku tatu, anazoea kitanda, anatulia, hawezi tena kutoka.

Jumamosi ya juma hili tunacheza Nyangwe. Bruno sasa njo kila kitu kwetu, lazima apumzike kuliko wote. Nimemupatia fasi ndani ya pirogue, mutumbwi wa Jumatano, kocha hajui. Kule atalala kwa mujomba wake, muvuvi, ambaye tangu mwaka jana anamuomba aache masomo akamusaidie na nyavu. Nimefurahi sana. Mutu wa familia atamuangalia vizuri.