Bwana Muhuri na Darubini Kumi na Mbili

Bwana Muhuri aliingia duka la fotokopi kukwepa jua tu. Hakuwa na cha kunakili. Lakini mtu wa kazi yake hafungi macho hata akiwa likizo, na mle ndani akaona foleni ya watu wazima, wengine na mvi zao, wamekumbatia vikokotoo kama watu waliobeba matokeo ya hospitali. Mmoja alikuwa anachezesha midomo: sini, kosini, tanjenti, sini, kosini, tanjenti.

"Hawa wamefiwa?" akamnong'oneza mwenye duka.

"Bado," mwenye duka akasema. "Jumamosi wana mtihani wa leseni ya upimaji ardhi. Mwaka jana waliingia thelathini, wakafaulu wawili."

Moyo wa Bwana Muhuri ukaanza kucheza ngoma. Jina hilo, niwaambie mapema, hakupewa na mama yake. Alilipata kwa sababu ya mkoba wake, uliokuwa na mihuri ya ofisi kumi na sita, na kati ya hizo tano hazikuwahi kuwepo duniani. Ofisi hizo tano ndizo alizozipenda zaidi, maana hazikuwa na mtu wa kulalamika.

Akahema kwa sauti, "Maskini, na maswali yenyewe yapo," kisha akatoka taratibu, mwendo wa mtu anayetaka kufuatwa.

Alifuatwa. Kwa siku tatu alikaa benchi la nyuma la kibanda cha chai, akiwapokea mmoja mmoja, na kila mmoja alimwapisha kwa sauti ya chini: "Ni wewe peke yako. Nimekupenda tu uso. Ukimwambia mtu, hata mkeo, bodi itabadilisha maswali." Kufikia Jumatano, watu kumi na wawili walikuwa wa peke yao.

Wa mwisho alikuwa Dada Kamba. Yeye alivuta utepe wa kupimia kwa miaka kumi na moja, jua lake, matope yake, nyoka wake, na ramani zote alizochora zilisainiwa na bosi mwenye leseni, ambaye kiwanjani alikuwa hata hashuki kwenye gari. Sasa bosi alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Bila leseni yake mwenyewe, Dada Kamba angebaki na utepe na mikono miwili, na hakuna benki wala mahakama inayopokea ramani iliyosainiwa na mikono miwili.

"Mimi sina pesa," akasema.

"Basi tuagane kwa amani, dada yangu."

"Nina theodolaiti."

Bwana Muhuri hakujua theodolaiti inaliwa au inavaliwa. Akafunguliwa sanduku. Ndani kulikuwa na darubini ya shaba ya kupimia pembe, ile inayosimama juu ya miguu mitatu, nzito, ya zamani, inang'aa kama jino la dhahabu. Baba yake Dada Kamba aliipimia miaka thelathini, naye pia bila leseni.

"Nakuachia rehani," Dada Kamba akasema. "Ila Ijumaa unirudishie, Jumamosi kuna mtihani wa uwanjani na kila mtu anakwenda na chombo chake. Na kabla sijakuachia, nataka ushahidi kwamba bahasha ya maswali unayo."

"Ushahidi ni haki yako," akasema Bwana Muhuri, karibu alie. Jioni hiyo hiyo akamtumia picha kwenye simu: bahasha ya kaki, muhuri mwekundu wa bodi, imekaa dirishani. Uso wake aliukata kwa uangalifu. Yeye si mtoto.

Alhamisi wakabadilishana, sanduku kwa bahasha. "Usifungue mpaka kesho asubuhi," akamwambia. "Ndani mna dawa. Ikipata hewa mapema, maandishi yanafutika."

Mnacheka, lakini mtu mwenye mtihani kesho kutwa angeamini hata dawa ya kuotesha hesabu kichwani.

Ijumaa asubuhi Dada Kamba akafungua bahasha. Swali la kwanza: *Taa nyekundu ikiwaka, dereva anapaswa kufanya nini?*

Akasoma tena. Akageuza karatasi, labda upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na picha ya kivuko cha pundamilia, ile mistari ya kuvukia barabara. Bwana Muhuri, kwa uvivu wake, alikuwa amechukua karatasi za mtihani wa udereva. Leseni ni leseni, alijiambia.

Akapiga simu. Imezimwa. Na pale alipokaa kitandani akasikia sauti ya shemeji yake ukutani, chumba cha pili, ikisoma polepole: "Taa nyekundu ikiwaka..."

Shemeji huyo, mume wa dada yake, mtaani walimwita Mara ya Nne, kwa sababu mtihani huo huo wa upimaji alikuwa anaufanya kwa mara ya nne. Dada Kamba akagonga ukuta.

"Shemeji, na wewe pia?"

Upande wa pili karatasi zikakunjwa haraka.

"Aliniambia niko peke yangu," ukuta ukajibu.

Walikutana uani. Mara ya Nne alitaka kwenda polisi, kisha akakumbuka angeulizwa alikuwa ananunua nini. Akakaa juu ya ndoo. "Pesa zangu basi zimekwenda. Lakini chombo cha mzee, shemeji. Kesho utapimia nini, kijiko?"

Dada Kamba akatoa simu. Akaikodolea macho ile picha ya bahasha. Si bahasha. Dirisha.

"Angalia nyuma. Hili ni tangi la maji la bluu. Na mnara wa simu umetokeza juu yake katikati kabisa, kama umeota kichwani."

"Nauona."

"Kutoka hapa uani unaonekana hivyo?"

"Kutoka hapa mnara uko kushoto kabisa kwa tangi."

"Basi aliyepiga picha yuko kwenye mstari mmoja na hivyo vitu viwili. Akihama hatua kumi tu, vinaachana. Haya, huku kulia, bomba la moshi la kiwanda cha mikate limejificha nyuma ya mlingoti wa bendera ya shule. Huo mstari wa pili."

Mara ya Nne akasimama ghafla, ndoo ikaanguka. Dada Kamba akaleta ramani ya mji, aliyoichora mwenyewe na kusainiwa na mwingine, akaweka rula kutoka mnara hadi tangi akavuta mstari mbele, akaweka rula kutoka bomba hadi mlingoti akavuta mwingine. Mistari ikakatana juu ya kijumba kidogo cha ghorofa moja.

"Nyuma ya fundi viatu," akasema. "Kiwanja hiki nilikipima mimi. Mlango uko mashariki."

Wakati huo Bwana Muhuri alikuwa dirishani kwake, anaburudika. Mnunuzi wa vyuma angekuja saa nane. Hadi hapo alikuwa anachungulia mji kupitia theodolaiti na kushangaa: picha inakuja kichwa chini miguu juu, lakini inasomeka. Mlinzi wa kiwanda, mtu wa mbali kama punje, alikosa kifungo cha tatu cha shati. "Mashine gani hii," akasema kwa mapenzi.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Wapima."

Bwana Muhuri akatafuta njia nyingine ya kutokea, lakini nyumba ilipimwa vizuri, ilikuwa na mlango mmoja. Akafungua akiwa ametabasamu meno yote.

"Nani kawaelekeza?"

"Wewe," Dada Kamba akasema, akamwonyesha simu. "Ulitutumia anwani. Ulisahau tu namba ya nyumba."

Akaelezwa mistari miwili. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja mikono kifuani kama mwalimu mkuu. "Hongereni. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Wengi hawafiki hapa."

Mara ya Nne alianza kusema "ahsante" kabla shemeji yake hajamkanyaga mguu.

"Chombo changu," Dada Kamba akasema.

Alirudishiwa. Pesa za Mara ya Nne zilikuwa zimeshageuka viatu vyeupe vipya, miguuni mwa Bwana Muhuri, namba ndogo mno kwa Mara ya Nne.

"Basi tutakwenda kwa balozi wa mtaa, au utanilipa kwa kazi," Dada Kamba akasema. "Kesho nahitaji mtu wa kunishikia fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe nikilenga. Wangu ana homa."

"Kazi yenyewe?"

"Kusimama."

"Kusimama tu? Dada, mimi nimesimama mbele ya mahakimu watatu." Kisha akafikiri kidogo. Hakuwa mjinga kiasi hicho. "Na wale... watahiniwa wengine watakuwepo?"

"Uwanja ni mkubwa. Utakuwa mita mia mbili kutoka kwa mtu yeyote. Kwa umbali huo hata mama yako hakutambui kwa macho."

Na hakusema uongo, tuwe waadilifu. Kwa macho.

Jumamosi uwanja ulikuwa mtupu na mpana, umezungushiwa ukuta. Mtihani wa kuandika, wa darasani, ulikuwa umekwisha asubuhi. Sasa watahiniwa wote kumi na wawili, wale wale wa peke yao, walijipanga pembeni, kila mmoja na miguu yake mitatu, na washika fimbo wakatawanywa kati. Bwana Muhuri alisimama wima, kidevu juu, viatu vinameta. Kama ni kuonekana mtu wa maana, hiyo alikuwa na shahada yake.

Msimamizi wa bodi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akatazama fimbo zote zilivyopinda, akachukia. "Wengine kaeni. Yule wa viatu vyeupe ndiye anajua kushika fimbo. Wote mtalenga kwake."

Darubini kumi na mbili zikageuka.

Wa kituo cha tatu akainua kichwa, akafuta kioo kwa shati, akainama tena. Wa kituo cha saba akafanya vile vile. Kutoka mbali, Bwana Muhuri aliona vichwa vidogo vinainuka na kuinama kama kuku wanaokunywa maji, akadhani ndio upimaji ulivyo. Akawapungia. Kisha akakumbuka kifungo cha tatu cha mlinzi.

Jasho likamtoka mpaka ndani ya viatu. Alitaka kukimbia, lakini kule mbali Dada Kamba alikuwa ameinua kiganja kimoja: tulia. Kwenye chombo cha baba yake alimwona Bwana Muhuri ananing'inia kichwa chini, viatu vyeupe vikiwa angani, naye akasoma pembe yake bila haraka. Akaandika. Miaka kumi na moja ilikuwa kwenye ile penseli. Akasoma mara ya pili, kwa sababu mpima haamini kipimo cha mara moja. Vikalingana.

Akainua mikono miwili: nimemaliza.

Bwana Muhuri akaondoka na fimbo yake kama mwizi wa muwa. Darubini zote zikamfuata. Alipofika ukutani akaichomeka chini, akapanda, akaruka.

Wanaume wawili walikuwa tayari wameanza kuacha vituo vyao. "Rudini," msimamizi akasema, hajui hili wala lile. "Kijana amehamisha fimbo, si neno. Pimeni na umbali aliokwenda. Nitaweka alama."

Wakapima, kwa chuki na kwa usahihi. Mita mia mbili kumi na nne na sentimita thelathini na saba. Majibu kumi na mawili, yote sawa. Haijawahi kutokea katika historia ya bodi ile.

Na upande wa pili wa ukuta? Uwanja wa mtihani wa udereva. Bwana Muhuri alitua katikati ya njia, mbele ya askari wa trafiki wawili waliokuwa wiki nzima wakitafuta nani aliyeiba karatasi zao. Taa ilikuwa nyekundu. Jibu alilijua. Akasimama.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu. Dada Kamba alifaulu. Mara ya Nne alifaulu, ila jina halijamtoka mpaka leo. Mahakama iliyosikiliza kesi ya Bwana Muhuri, ya wizi wa karatasi, ilipoomba mchoro wa tukio, toka pale mshtakiwa aliposimama hadi pale aliporukia, kazi ikapewa mpima mpya. Ilikuwa ramani yake ya kwanza kubeba saini yake mwenyewe. Aliisaini taratibu, akapuliza wino ukauke, kisha ikapelekwa kugongwa muhuri wa bodi, ule wa kweli.

Karani akamwonyesha mshtakiwa, aseme kama ana pingamizi. Bwana Muhuri hakuangalia mistari wala namba. Aliinua karatasi kwenye mwanga, akautazama muhuri kwa muda, kwa heshima ya fundi kwa fundi.

"Sina pingamizi," akasema. "Wino umekolea."