Panya wa Stoo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bosi amenikabidhi msitu. Si wote, upande wa mlimani tu, lakini mlimani ndiko kugumu. Kazi: nitege panya, nilete vipande vya masikio yao, pamoja na figo na matumbo, maabara isome vinasaba. Vinasaba vitasema ni panya wa aina gani, na wamebeba vijidudu gani vya kuwaambukiza watu. Nikirudi na jambo la maana, cheo cha kiongozi wa utafiti wa nje ni changu. Nisiporudi nalo, atapewa mwenzangu wa maabara, yule ninayemwita Miwani.

Miwani alinikuta kazini. Nilimwonyesha mimi mwenyewe choo kilipo. Sasa anasoma majibu ya mashine kama anayesoma gazeti, na Bosi humwita "binti yangu". Mimi huniita "wewe".

Jumatano, 5 Machi

Nimefika hadi mwanzo wa msitu. Mvua. Tope la magotini. Ruba kaniingia soksini, akanywa alichotaka, akashuka. Dereva akasema gari halipandi, na yeye hapandi.

Nikakaa garini nikafikiri. Panya ni panya. Na kama kuna mahali ninapojua pana panya wa kutosha, ni kwa mama mkwe. Stoo yake wanaimiliki wao. Tukiwa mezani hukimbizana darini, naye huongeza sauti ya redio ili tujifanye hatusikii.

Nikaenda na mitego. Akauliza kulikoni. Nikasema ni huduma mpya, bure, kwa wazee waliochaguliwa. Akaniita mkwe wa mfano, mbele ya mke wangu, ambaye hajawahi kuniita mfano wa kitu chochote.

Ijumaa, 7 Machi

Mitego imejaa. Sijawahi kufanikiwa kiasi hiki katika maisha yangu ya kisayansi. Mitego nimeiosha uani kwa mama mkwe, ndani ya beseni la bluu lililokuwa limeegemezwa ukutani. Chupa zote nimeandika "Msituni, mlimani". Viatu nimevipaka tope upya kabla ya kuingia ofisini. Mtu makini hasahau viatu.

Jumatano, 12 Machi

Majibu. Miwani akasoma mbele ya wote: hawa ni panya wa kawaida wa majumbani, kila mmoja wao. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuandaa kikohozi.

Bosi akasimama. Akasema kumbe panya wa majumbani wamekwishapanda mlima, na hakuna mtu aliyewahi kuligundua hilo. Na figoni mwao kuna vijidudu vya homa ya panya, ile inayotoka kwenye mkojo wao na kumwingia mtu kupitia maji machafu na michubuko. Hatari kubwa! Kanishika bega. Kaniita "kijana wangu". Nina miaka arobaini na saba.

Miwani aliuliza swali moja tu. Matumboni mwa panya amekuta unga wa mahindi na sabuni ya kufulia. Nikasema watalii. Akauliza ni watalii gani wanaofua nguo mlimani. Nikasema wasafi.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Misitu amefunga njia ya mlimani kwa sababu ya ugunduzi wangu. Wanawake wanaookota kuni wamezuiwa getini. Nilipita kwa gari. Mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe, kamba yake mapajani, anamuuliza askari wa msitu leo atapikia nini. Mimi nilitazama upande wa pili, ambako palikuwa na mandhari nzuri.

Kutakuwa na hotuba. Nimenunua tai.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe anaumwa. Homa, kichwa, nyama za miguu zinamuuma kana kwamba zimetwangwa. Hospitali wakasema malaria. Wakapima, vipimo vikasema si malaria. Wakampa dawa ya malaria.

Mke wangu amesema ajabu ni kwamba mama hatoki nje. Kazi yake kila jioni ni kuloweka miguu yake yenye magaga kwenye beseni. Nikauliza beseni lipi. Akauliza tangu lini mabeseni yamekuwa na majina. Nikauliza rangi. Akasema bluu.

Nikatoka nje nikasimama kando ya ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Macho yake yamekuwa ya njano. Kanishika mkono. Kasema Mungu akimchukua, ile stoo nipewe mimi, maana katika watoto na wakwe wote ni mimi peke yangu niliyeijali. Mke wangu alikuwa koridoni, kajifunika uso kwa kanga.

Nikimweleza daktari ukweli, mama atapona na mimi nitakwisha. Nisipomweleza... haiandikiki. Nikatafuta njia ya katikati. Nikamnong'oneza daktari wa wodi kwamba mgonjwa alikuwa msituni hivi karibuni. Daktari akamuuliza mwenyewe. Akajibu kwa sauti ndogo, lakini yenye heshima zake zote, kwamba kwa magoti haya hata msibani kwa jirani alifuatwa na gari.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwomba nesi kichupa cha damu yake nikakipeleka maabara. Nikiandika jina, wataniuliza anakaa wapi. Nikaandika: "Mwokota kuni, msituni." Miwani aliiacha chai yake ikapoa akaanza kazi palepale. Sikumwona akinywa wala kula hadi tunafunga. Ni tabia mbaya sana hii, inawafanya wengine tuonekane wavivu.

Jumanne, 18 Machi

Ni vijidudu vilevile. Miwani amesema vinasaba vya vijidudu vya damuni na vya figo za panya wangu vinafanana kama mapacha. Nilikimbia na jibu hadi hospitali, mimi ambaye sikimbilii hata basi. Daktari akabadilisha dawa kabla sijamaliza kusema. Nikaketi kwenye ngazi nikalia kidogo. Hakuna aliyeniona ila mlinzi, naye akanipa ishara nisizibe njia.

Kisha simu. Bosi. Mgonjwa wa kwanza wa msitu wetu amepatikana, kesho anakuja kumwona wodini, yeye, Miwani, Bwana Misitu na mwandishi wa habari. Nivae tai.

Jumatano, 19 Machi

Homa imeshuka. Ameomba supu, na akailalamikia supu. Atapona.

Nikamweleza mapema kwamba watakuja wageni, na wakimuuliza aseme huokota kuni. Akanitazama muda mrefu. Nilichukulia kwamba amekubali.

Wakaja. Bosi akamwita mama shujaa. Mwandishi akatoa kalamu akamuuliza anaokota kuni tangu lini. Mama mkwe akajiinua kwenye mto.

"Kuni? Mimi? Mwanangu, napikia gesi tangu marehemu mume wangu akiwa na nywele. Kamuulize mkwe wangu huyo hapo aliyekuja kutega panya stooni kwangu."

Mwandishi akaanza kuandika kwa kasi. Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akauliza kwa upole kama stoo hiyo ina unga na sabuni. Mama mkwe akamuuliza ni stoo gani duniani isiyo na unga na sabuni.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na aliyepona.

Ijumaa, 21 Machi

Bosi hakupiga kelele. Alisema polepole, na ningependelea kelele. Kwa uongo wangu nimefunga njia ya watu wasio na kosa, na nusura nimuue mama wa mke wangu. Alichosema ni kweli, ila alirudia mno.

Cheo amepewa Miwani. Ataongoza utafiti wa panya wa majumbani na homa yao, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa mama mkwe. Wamekwishaziba matundu ya dari. Njia ya msituni imefunguliwa. Bwana Misitu amewaomba radhi wanawake wa kuni, na mimi nikapangiwa kuwabebea mizigo siku nzima. Yule wa kwenye jiwe alinichagulia gogo lenye miiba.

Mke wangu anazungumza nami kupitia kitinda mimba wetu. Mwambie baba yako chakula kipo. Mwambie baba yako kimepoa. Mama mkwe ndiye pekee asiyenuna. Kasema kama nilikuwa nataka panya ningesema tu, angenikamatia yeye, na beseni angenipa lile bovu.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi mpya: kinyesi cha tumbili, kibichi, kutoka mlimani. Maabara itasoma vinasaba vya minyoo na vijidudu vilivyomo. Sharti la Bosi: kila chupa iambatane na picha yangu nimesimama pale nilipokiokota. Nimeapa mbele yake kwamba nimebadilika. Nilikuwa nasema kweli kabisa, na machozi yalinitoka yenyewe.

Nilipotoka nje mvua ilikuwa imeanza.

Nyuma ya soko kuna mpiga picha mwenye pazia lililochorwa msitu mzima: miti, ukungu, maporomoko ya maji. Kuna pia bata bukini wawili wanaobusiana, lakini ameahidi kuwapaka rangi ya kichaka. Na mwenye duka la jirani yake anafuga tumbili, mnyama mpole, anakula biskuti.

Mpiga picha ameniuliza kama nitabasamu. Nimemwambia hapana. Mtafiti akiwa mlimani huwa amechoka.